"Mtandao Unasumbua": Uhakiki wa Kauli ya Kaunta na Hitilafu za Soketi Inazozificha katika Ofisi za Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi

Katika ofisi na maduka ya Mbeya na Iringa, kuanzia dirisha la malipo ya ada hadi duka la pembejeo, ipo kauli ambayo mteja huipokea bila kuihoji: "Mtandao unasumbua." Ikishatamkwa, foleni hulegea. Mkulima aliyelipa nauli kutoka Rungwe au Kilolo huambiwa arudi kesho, naye hurudi. Mtoa huduma hajavunja adabu, mteja hajabisha, na programu iliyoshindwa kufanya kazi haijaulizwa lolote.

Makala haya yanaihakiki kauli hiyo kama maelezo ya tukio. Yanauliza inaeleza nini, inaficha nini, na nani hubeba gharama ya kilichofichwa. Hoja ya msingi ni kwamba kauli hii moja hukusanya hitilafu zisizopungua tano ambazo hutofautiana kwa chanzo, kwa dalili, kwa dawa na kwa mwenye wajibu. Hitilafu hizo hutokea pale mfumo wa biashara unapozungumza na programu nyingine iliyo nje yake kupitia soketi, na kadhaa kati yake hutokea wakati mtandao ni mzima. Kuziita zote kwa jina moja humwondolea wajibu aliyeandika programu na anayesimamia seva, kisha mzigo huo humwangukia mteja aliye mbele ya kaunta.

Mifano ya kaunta inayotolewa hapa ni ya kufafanulia hoja na haielezi tukio la taasisi yoyote. Mifumo ya kitaifa inayotajwa ni ile inayofahamika hadharani.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Vitendo vya Uzungumzi, ambayo msingi wake uliwekwa na J. L. Austin katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 na kuendelezwa na John Searle mwaka 1969. Nadharia hii inatofautisha maneno yanayotamkwa, tendo linalokusudiwa na msemaji kwa kuyatamka, na athari inayompata msikilizaji. Kwa mujibu wa mtazamo huo, sentensi yenye umbo la taarifa inaweza kutenda kazi tofauti kabisa na kutoa taarifa.

"Mtandao unasumbua" ni sentensi ya namna hiyo. Kwa umbo lake, inaeleza hali ya kifaa. Kwa matumizi yake, hufunga mazungumzo. Kiima chake, mtandao, hakina uso, ofisi wala namba ya simu. Kitenzi chake, kusumbua, humfanya mtoa huduma na mteja wote waonekane kuwa wanaosumbuliwa. Hakuna aliyeshindwa kutenda jambo. Kuna jambo lililowapata watu. Athari yake kwa msikilizaji ni subira, na subira hiyo haina kikomo kwa sababu hakuna aliyeahidi kurekebisha chochote.

Kauli hii ilipata nguvu kadiri kaunta zilivyoacha kujitosheleza. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi zilianza kutumika mwaka 2010. Mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulianza mwaka 2017, na tangu hapo malipo mengi ya umma hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Kabla ya hapo, karani mwenye kitabu cha stakabadhi na kalamu aliweza kukamilisha kazi peke yake. Sasa programu iliyo mbele yake hulazimika kuongea na programu nyingine iliyo Dar es Salaam au Dodoma, na kazi haikamiliki mpaka zote mbili zielewane.

3.0 Soketi na Desturi ya Hodi

Soketi ni ncha ya mawasiliano. Programu huifungua, hutaja anwani ya mashine inayotafutwa na namba ya poti, kisha hutuma na kupokea baiti kama mtu anayeandika na kusoma faili. Dhana hii ilienea kupitia mfumo endeshi wa 4.2BSD uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya aina hii, iliwekewa kanuni katika waraka wa RFC 793 wa Septemba 1981, na mwaka 2022 waraka huo ulirithiwa na RFC 9293.

Kabla ya data yoyote kupita, TCP hukamilisha hatua tatu. Mwombaji hutuma ombi la kuunganishwa, mwenyeji hulikubali na kutuma lake, mwombaji huitika. Msikilizaji wa Kiswahili haoni ugeni katika mpangilio huu. Mgeni hubisha hodi, mwenyeji hujibu karibu, mgeni huitika na kuingia. Ulinganisho huu una manufaa ya kiuchunguzi, kwani yeyote aliyekulia katika desturi hiyo hujua kutofautisha nyumba isiyojulikana ilipo, hodi isiyojibiwa, hodi iliyokataliwa, mwenyeji aliyeondoka katikati ya mazungumzo, na maneno yaliyosikika nusu. Hakuna mtu atakayezirundika hali hizo tano katika kauli kwamba "njia inasumbua". Kwenye kaunta ya kompyuta, hata hivyo, ndivyo inavyofanyika kila siku.

4.0 Hitilafu Tano ndani ya Kauli Moja

4.1 Nyumba isiyojulikana

Mfumo wa biashara hutafuta seva kwa jina, na huduma ya majina hulibadilisha jina hilo kuwa anwani ya namba. Huduma hiyo ikishindwa kujibu, au ikitoa anwani ya zamani, hakuna hodi iliyobishwa mahali panapostahili. Hitilafu hii huweza kutokana na ruta ya tawi iliyoelekezwa kwenye seva ya majina isiyofanya kazi. Huweza pia kutokana na programu iliyoandikiwa anwani ya namba moja kwa moja ndani yake, kisha seva ikahamishwa. Katika hali hii ya pili, mtandao hauna kosa lolote; kosa ni la aliyeandika anwani mahali pasipobadilishika kwa urahisi. Kipimo chake ni rahisi: jina lilelile huulizwa kutoka kwenye kompyuta nyingine na kutoka mtandao mwingine, kisha majibu hulinganishwa.

4.2 Hodi isiyojibiwa

Hapa anwani inajulikana, lakini ombi la kuunganishwa halirudishiwi jibu. Mfumo endeshi hurudia ombi mara kadhaa kabla ya kukata tamaa. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, subira hiyo huzidi dakika moja. Karani huona skrini iliyoganda. Sababu zinaweza kuwa njia iliyokatika, mashine ya mbali iliyozimwa, au kizuizi cha usalama cha mtandao kinachomeza maombi bila kuyajibu. Ni katika kundi hili tu ambapo kauli ya kaunta ina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli, na hata hapa haina uhakika. Mafundi wengi huanza kwa amri ya ping, wakaishia hapo. Kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa mitandao mingi huzuia ujumbe wa aina hiyo huku poti ya huduma ikiwa wazi, na mashine inaweza kuijibu ping huku programu iliyo ndani yake imekufa. Kinachopaswa kupimwa ni poti ileile ambayo mfumo wa biashara huitumia.

4.3 Hodi iliyokataliwa

Kukataliwa hutofautiana na kimya. Jibu huja upesi, kwa kawaida ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, likisema kwamba kwenye poti hiyo hakuna programu inayosikiliza. Kwa mhakiki wa kauli tunayoijadili, hali hii ndiyo ushahidi mzito zaidi. Ombi limesafiri kutoka Iringa hadi lilikokwenda, na jibu limerudi. Mtandao umefanya kazi yake kikamilifu. Kilichokosekana ni programu upande wa pili: imesimama, haijawashwa baada ya matengenezo, au imehamishiwa poti nyingine bila matawi kuarifiwa. Anayepaswa kupigiwa simu ni msimamizi wa seva. Kaunta inapotangaza kwamba mtandao unasumbua, simu hupigwa kwa kampuni ya intaneti, kampuni hupima na kukuta njia ni nzima, na saa nzima hupotea kati ya watu wawili ambao wote wana haki.

4.4 Mazungumzo yaliyokufa kimya

Baadhi ya mifumo hufungua soketi asubuhi na kuiacha wazi kutwa nzima. Umeme ukikatika upande mmoja, au kifaa kilicho katikati kikisahau mazungumzo yasiyotumika, upande wa pili huendelea kuamini kwamba mwenzake yupo. TCP inao utaratibu wa hiari wa kuchungulia kama mwenzake bado yu hai, lakini waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989 ulielekeza kwamba kwa chaguo-msingi muda wa kusubiri kabla ya kuchungulia usipungue saa 2. Vifaa vingi vya katikati hukata mapema zaidi ya hapo. Matokeo yake yanajulikana kwa dalili moja: muamala wa kwanza baada ya mapumziko marefu hukwama, kisha programu ikizimwa na kuwashwa, kila kitu hufanya kazi. Mhudumu hujifunza dawa ya "zima, washa" na hitilafu huwa desturi. Tiba yake imo mikononi mwa mwandishi wa programu: ujumbe mfupi wa kuulizana hali kila baada ya dakika chache, na kikomo cha kusubiri jibu.

4.5 Ujumbe uliokatwa vipande

Hitilafu ya tano haionekani kwa urahisi, na ndiyo inayoonyesha wazi zaidi namna lugha ya kaunta inavyomlinda asiyestahili kulindwa. TCP huahidi kwamba baiti zitafika kwa mpangilio zilizotumwa. Haiahidi kwamba ujumbe uliotumwa kwa mkupuo mmoja utasomwa kwa mkupuo mmoja. Pakiti ya kawaida ya Ethaneti hubeba baiti 1,500. Ankara yenye saini ya kidijiti huweza kuzidi kiasi hicho na kusafiri katika pakiti kadhaa. Mwandishi wa programu anayeijaribu kazi yake kwenye kompyuta mbili zilizo chumba kimoja huweza kupata ujumbe mzima katika kila usomaji, akaamini kwamba ndivyo itakavyokuwa siku zote. Programu hiyohiyo ikipelekwa Mbeya, pakiti huachana njiani kwa muda mfupi. Programu husoma nusu ya kwanza, huiona haijakamilika, na kutangaza kosa la mawasiliano.

Kwa kuwa tatizo hujitokeza kwenye masafa marefu na kutoweka karibu na makao makuu, hitimisho la haraka huwa kwamba mtandao wa mikoani ni mbovu. Hitimisho hilo ni batili. Mtandao umefikisha baiti zote kwa mpangilio. Msomaji ndiye hakusubiri ujumbe ukamilike, kwa kuwa hakutanguliza urefu wa ujumbe wala hakuweka alama ya mwisho wake. Mbeya imehukumiwa kwa kosa lililoandikwa kwingine.

5.0 Kimya Baada ya Fedha Kutoka

Hadi hapa gharama ya kauli ni muda na nauli. Ipo hali ambapo gharama huwa fedha. Tuchukue mfano wa mzazi anayelipa ada kwenye dirisha la wakala. Programu ya wakala imetuma agizo la malipo. Seva ya mbali imelipokea na kuhamisha fedha. Jibu limepotea njiani au limechelewa kuliko muda uliowekwa. Programu ya wakala inaona kikomo cha kusubiri kimefika. Kitu pekee inachoweza kusema kwa ukweli ni: sijui. Haijui kama agizo halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea. Kwa upande wa mtumaji, hali hizo mbili hufanana.

Badala ya kusema "sijui", programu nyingi husema "imeshindikana, jaribu tena". Hapa maneno huvuka mpaka wa maelezo na kuwa maelekezo, na maelekezo hayo yana hatari. Mzazi akitii na agizo la kwanza likawa limekamilika, amelipa mara mbili. Asipotii, na fedha zikawa hazikuhama, mtoto atakutwa na deni. Kauli "mtandao unasumbua" ikiongezwa juu yake, mzazi hana namba ya kufuatilia wala mtu wa kumuuliza.

Dawa ya kiufundi inajulikana. Kila agizo hupewa namba ya kipekee kabla ya kutumwa. Likirudiwa, hurudiwa kwa namba ileile, na seva hukataa kulitekeleza mara ya pili. Kabla ya kurudia, programu huuliza hali ya agizo la mwanzo. Mwisho wa siku, usuluhishi wa hesabu hulinganisha kumbukumbu za pande zote mbili. Namba ya kumbukumbu ya malipo inayotumiwa na GePG, yenye tarakimu 12, husaidia kwa kuwa huifunga ankara moja na malipo yake. Aidha, katika muundo huo kukiri kupokea ombi ni ujumbe mmoja, na jibu lenye namba hiyo ni ujumbe mwingine. Mfumo wa biashara unaochukulia kukiri kuwa ndiko jibu lenyewe utakuwa umekosea kusoma mazungumzo, hata kama soketi zake zote ni nzima.

6.0 Pale Kauli Inapokuwa Kweli

Uhakiki wa haki hauna budi kukiri kwamba mtandao husumbua kweli. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma za intaneti zikayumba Tanzania na katika nchi jirani. Siku hiyo kauli ya kaunta ilieleza ukweli kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, mazungumzo kati ya tawi la Iringa na seva iliyo ndani ya nchi huweza kupita kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao unapita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma na Kasumulu, bila kuhitaji kugusa bahari. Iwapo mfumo wa tawi ulisimama siku hiyo, swali la kiuchunguzi lilikuwa: ni sehemu gani ya mfumo huo iliyowekwa ng'ambo, na nani aliamua hivyo?

Mfano wa kinyume ni wa Mei 2021, ambapo ununuzi wa umeme kwa mfumo wa LUKU ulikwama nchini kwa siku kadhaa. Mteja wa Mwanjelwa aliyekosa tokeni angeweza bado kumpigia ndugu yake simu ya kumweleza shida hiyo. Njia ilikuwepo; huduma iliyo mwisho wa njia ndiyo iliyokosekana. Matukio haya mawili, yakiwekwa pamoja, yanaonyesha kwamba neno "mtandao" katika matumizi ya kaunta halitofautishi barabara na nyumba iliyo mwisho wa barabara.

7.0 Lugha ya Programu Yenyewe

Ingekuwa rahisi kumlaumu mhudumu wa kaunta. Lawama hiyo haitasimama, kwa kuwa mhudumu husema kile ambacho programu imemwezesha kukijua. Skrini ikiandika tu kwamba kuna tatizo la mawasiliano, au ikionyesha mistari ishirini ya Kiingereza cha mafundi, "mtandao unasumbua" ni tafsiri ya kuridhisha. Umaskini wa kauli ulianzia ndani ya programu.

Kiswahili hakikukosa juhudi katika uwanja huu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoweka menyu zake kwa Kiswahili. Mradi huo ulithibitisha kwamba lugha inamudu kazi. Kilichobaki nyuma ni lugha ya kushindwa: istilahi na sentensi za kumweleza mtumiaji wa kawaida kilichoharibika. Tumezoea kuunda maneno ya kuita vitu na kusahau maneno ya kueleza matukio.

Inaweza kudaiwa kwamba mteja hahitaji kujua tofauti ya kukataliwa na kutojibiwa, na kwamba kueleza mengi kunaweza kumfaidi mhalifu. Madai yote mawili yana uzito, lakini hayahalalishi ukimya. Sentensi nne fupi zinatosha, na hakuna hata moja inayofichua anwani wala siri ya mfumo. "Hatukuipata seva, fundi wa ofisi akague njia." "Seva imefikiwa lakini huduma imezimwa. Makao makuu wamearifiwa." "Jibu limefika likiwa na kasoro. Msanifu wa programu aarifiwe." "Hatujui kama malipo yamekamilika. Usilipe tena kabla ya kuhakikisha kwa namba hii." Kila sentensi inataja hali na hatua inayofuata, na kila moja ina mwenye wajibu wake.

Sentensi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote kwa taasisi kuikubali, kwa sababu inakiri kutojua. Ndiyo pia inayomlinda mteja. Programu inayoweza kusema "sijui" na kutoa namba ya kufuatilia ni ya kuaminika kuliko ile inayosema "imeshindikana" bila ushahidi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "mtandao unasumbua" ni tendo la kufunga mazungumzo lililovikwa umbo la taarifa. Chini yake zimo hitilafu tano za soketi: jina lisilofahamika, ombi lisilojibiwa, ombi lililokataliwa, muunganisho uliokufa kimya, na ujumbe uliosomwa nusu. Hitilafu ya pili ndiyo hasa inayoweza kuwa ya njia. Katika zile nyingine, sehemu kubwa ya wajibu iko kwa mwandishi wa programu au msimamizi wa seva. Pale fedha zinapohusika, kutotofautisha hali hizi huweza kumfanya mtu alipe mara mbili.

Inapendekezwa kwamba wanaofundisha TEHAMA katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na wanaofundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mjini Iringa, washirikiane kuandaa sentensi za hitilafu kwa ajili ya mifumo inayotumika katika kaunta za mikoa hii, na kwamba BAKITA ihusishwe katika kuzisanifisha. Inapendekezwa pia kwamba mikataba ya ununuzi wa programu itaje wazi majaribio ya kila mojawapo ya hitilafu tano kabla ya kupokea kazi, na kwamba majaribio hayo yafanyike kutoka tawi la mbali, pasiwe chumba kimoja na seva. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wahudumu wenyewe wanavyozitofautisha hitilafu hizi wanapoongea wao kwa wao, mbali na masikio ya foleni, kwani huenda maneno yanayotafutwa tayari yapo vinywani mwao.